Kigoda cha Nyanjura Kinayumbaga

Nimestaafu juzi tu, keki mliyonikatia haijaisha kwenye friji ya ofisi, na tayari mmenipigia simu kuniuliza kipande cha plastiki kiko wapi. Hamkuulizia funguo za stoo. Hamkuulizia kanda za sauti nilizozifungia kwenye makopo ya biskuti ili panya wasizitafune. Mnataka kipande cha plastiki, unene wa kidole, kilichokuwa chini ya mguu mmoja wa kile kigoda kilichomo kwenye kabati la kioo. Mnasema kigoda kimeinama na wageni wanauliza. Haya. Nitawajibu, ila nitaanzia mwanzo, maana nikiwajibu kwa simu mtaelewa nusu, na hiyo nusu ndiyo mtakayoiandika kwenye ripoti.

Niliajiriwa afisa utamaduni, kituo cha kwanza Musoma mjini. Mimi mwenyewe ni mtoto wa wavuvi wa huku ziwani, kwa hiyo nilidhani utamaduni naujua, nimezaliwa nao. Nilifika ofisini na viatu vya kisigino na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Mkuu wangu alikuwa Mzee Chirangi, mwembamba, mwenye koti la suti alilolivaa hata jua likiwaka namna gani. Aliviangalia viatu. Cheti hakukiangalia.

Akaniwekea mezani kinasa sauti kizito kama tofali na betri zake, akaniambia: "Binti, sina mengi ya kukufundisha. Ukifika kwa watu, kaa pale watakapokukalisha. Wakikupa jiwe, kaa kwenye jiwe. Usiwaambie wewe ni mgeni wa serikali, wanajua, gari wameliona."

Safari yangu ya kwanza naye ilikuwa upande wa Bunda, kuchukua habari za makabila na jinsi wazee walivyowapokea wageni wa kwanza kutoka nje. Mzee Chirangi akapewa kiti cha uvivu barazani. Mimi nikaonyeshwa jiko. Nilinuna, sitawaficha. Nimesoma, nina diploma, naenda kukaa na moshi. Basi wanaume kule nje wakampa Mzee Chirangi hotuba, akarekodi hotuba. Mimi huku jikoni, wamama wakichambua mboga, nikaambiwa nani alikimbia, nani alifichwa kwenye ghala la mtama, na nani alienda kumwonyesha Mjerumani mahali ng'ombe walipofichwa, na wajukuu zake ni kina nani hadi leo. Jioni kwenye gari mzee akaniambia nimsikilizishe niliyonasa mimi kwenye ile mashine yangu, akasikiliza, akacheka peke yake mpaka tukafika Kiabakari.

Kwa hiyo nawaomba muache hii tabia ya kubeba viti vya plastiki kwenye gari la halmashauri ili msichafuke suruali. Na kinasa sauti, hata hiki cha simu, msikiweke juu ya meza ya bati, maana mtu akigonga kikombe mnapoteza dakika nzima ya maneno. Kiwekeni kwenye khanga iliyokunjwa. Na jogoo akiwika, nyamazeni, msimfukuze, mwenye nyumba hatapenda.

Bunda nilihamishiwa baadaye, na huko ndiko nilikoanza kuchoka. Wageni wa kwanza walikuja na meli na bunduki, hao tumewarekodi. Wa siku zangu walikuja na kamera. Walitaka kabila. Yaani wanashuka kwenye gari wakiwa nalo tayari kichwani, na kazi yangu ni kulitafuta mpaka lifanane. Kundi moja lilimkuta mzee kwenye boma lake, kavaa saa, ana simu, ana bati na sola juu yake. Wakaniomba nimwambie avue saa. Nikamtafsiria, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kutafsiri upuuzi kwa adabu.

Mzee akauliza, "Wao kwao wamevua?"

Nikawaambia anauliza kama ninyi mmevua. Wakacheka, wakadhani ni utani. Wakaomba pia paneli ya sola ishushwe kwa saa chache tu. Mzee akaingia ndani, akafunga mlango, na huo ukawa mwisho wa sinema.

Msifikiri lakini kwamba tatizo ni Wazungu peke yao. Wetu ndio wananiumiza zaidi. Tuliletewa maagizo kutoka juu kwamba kwenye maonyesho ya ngoma kila kikundi kivae mavazi ya asili. Nina wavuvi na wakulima wa kandokando ya ziwa, wanaimba kwaya Jumapili, ngozi ya chui waitoe wapi? Wakaenda dukani wakanunua kitambaa cha madoadoa ya chui, kile cha mapazia, wakashona. Mgeni rasmi akasimama akasifu kwamba watu wa Mara wametunza mila za mababu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nikapiga makofi, maana ningefanya nini.

Kituo changu cha mwisho kikawa Butiama, kwenye kile chumba chetu cha kumbukumbu kinachovuja upande wa mashariki. Hapo ndipo nilipokutana na watemi, yaani machifu. Mnajua, au mnatakiwa mjue, kwamba sehemu nyingi za huku kwetu hapakuwa na mtu mmoja wa kutawala wote. Palikuwa na wazee wa rika, wazee wa ukoo, mwenye mvua yake, mwenye dawa yake, kila mmoja na lake. Mjerumani alipofika hilo halikumpendeza. Alitaka mtu mmoja wa kumwambia lete watu, lete kuku, lete kodi. Watu wakamtolea yule ambaye hata akipotea hawatamkosa sana. Mwingereza akaja akamkuta huyo huyo, akampa na kofia. Leo wajukuu zake wananijia ofisini na fimbo na usinga, wanataka niwatambue kama ukoo wa kifalme. Niliwahi kuwa nao watatu siku moja kwenye benchi moja, na kila mmoja ananinong'oneza kwamba wale wengine wawili ni feki.

Sasa katikati ya hayo ndipo ikaja picha ya kigoda. Ilitoka kwenye makumbusho moja Ujerumani, ikapita wizarani, ikapita mkoani, ikanifikia mimi kwenye simu. Kigoda cha miguu minne, cheusi kwa kukaliwa, kimechongwa vizuri lakini si cha maajabu. Chini yake wameandika: kiti cha enzi cha mtemi, kutoka Musoma, mguu mmoja umefupishwa kwa sababu za ibada. Wanataka kukirudisha, wanauliza wenyewe ni nani. Kabla sijamaliza kusoma, watemi wangu watatu walishasikia. Sijui nani aliwaambia. Wote wakadai ni cha babu, na kila nilipowauliza ibada gani hiyo ya kufupisha mguu, wananiambia hiyo ni siri ya ukoo.

Nilichoka nikaenda zangu Mwigobero, mwaloni Musoma, kununua dagaa. Nimechutama pale kwa mama mmoja ninayenunuaga kwake, Sabina, na simu yangu ikawaka ile picha ikiwa bado wazi. Akaiangalia kichwa chini.

"Mama, hicho kigoda umekitoa wapi?"

"Ujerumani. Unakijua?"

"Sijawahi kukiona. Lakini mama yangu anakiongeleaga kila siku iendayo kwa Mungu. Njoo umsikilize mwenyewe, mimi atanichosha."

Nikapanda naye boti ya mchana mpaka kijijini kwao. Mama yake, Bibi Tabitha, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mtu wa kanisani kabisa, na wimbo wake anauimba huku anachagua mawe kwenye mchele. Mimi nikakalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwonyesha picha. Akaisogeza mbali, akaivuta karibu.

"Kinayumbaga," akasema.

"Nini, bibi?"

"Hicho kigoda. Kinayumbaga upande wa kushoto. Mchwa walikula mguu mmoja. Mama alinihadithiaga, walipokuwa wadogo mama yao akikaa akiyumba wanacheka, naye anawachapa na mwiko."

Mchwa, ndugu zangu. Hiyo ndiyo ibada yenyewe.

Kigoda kilikuwa cha bibi yake, Nyanjura, mzaa mama yake. Mjerumani alipofika kijijini watu wote walikimbilia kwenye matete. Nyanjura hakukimbia kwa sababu alikuwa na kidonda mguuni. Akabaki amekaa nje ya nyumba yake kwenye kigoda chake. Yule bwana akasimama mbele yake na askari wake, akauliza kupitia mkalimani, mtawala wa hapa yuko wapi. Mkalimani katoka mbali, lugha yetu anaipapasa. Nyanjura hakujibu wala hakusimama. Hakuweza kusimama. Basi Mjerumani akaona mtu asiyesimama mbele yake lazima amekaa pa mtawala. Wakamwinua wakamweka chini, wakaondoka na kigoda. Toka siku hiyo, akasema Bibi Tabitha, Nyanjura alikaaga chini mpaka anakufa. Aliletewa vigoda vingine akavikataa.

Nikamwambia pole bibi, habari nzito. Akanitazama kama mtoto.

"Pole ya nini? Mimi sililii kigoda. Nililie mti? Mimi nalilia kukalishwa."

Nawaelezea hapa taratibu, maana hili ndilo jambo lenyewe. Kwenye ukoo wao shamba linafuata upande wa mama. Mwanamke mkubwa wa nyumba akifa, wazee wanakusanyika, anayemrithi anakalishwa kwenye kigoda chake mbele ya watu, wanaona amekaa, basi. Kuanzia hapo neno lake kuhusu ardhi ya nyumba ile ndilo neno. Asiyekalishwa ni mtoto hata akiwa na mvi. Nyanjura alikufa kigoda hakipo, hakuna aliyekalishwa. Mama yake Tabitha aliishi akafa bila kukalishwa. Miaka yote hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu nani angegombania ukanda wa mchanga toka mlangoni mpaka ziwani? Wanawake wa nyumba ile wanaanika dagaa pale, basi.

Sasa ufukwe umekuwa mali. Magesa, mtoto wa marehemu dada yake Bibi Tabitha, mfanyabiashara, ana nyumba yake mpya Bweri, pale Musoma mjini, alikuwa amepata mtu wa hoteli. Mtu wa hoteli anautaka ule ukanda wote. Bibi akakataa. Sabina na wenzake wakiondolewa pale hawana mahali pengine pa kuanika, na kuanika ndiko kunakosomesha watoto wao. Magesa hakutukana, hakugomba. Alisema mbele ya wazee, kwa heshima zote: "Mama mdogo, mwenye neno ni aliyekalishwa. Wewe nani kakukalisha?"

Na wazee wakamkubalia, kwa sababu kwa desturi yao alikuwa sahihi. Mkubwa wao, Mzee Masatu, akatoa uamuzi: kigoda kikirudi, Tabitha atakalishwa. Kisiporudi, neno litakuwa la mkubwa wa kiume, ambaye ni Magesa. Hilo lilisemwa kabla ya mimi kufika, wakati hakuna aliyejua kigoda kiko nchi gani. Kwa maneno mengine walikuwa wamemnyima kwa upole.

Nilirudi Butiama nikiwa na moto. Nikaandika, nikapeleka juu, nikadhani mambo yataenda mbio. Ehe. Wakajibu wanataka ukoo wa bibi wote kwa maandishi. Nikapeleka. Wakauliza kama jamii husika imeshirikishwa. Nikajibu jamii husika imekaa kwenye mkeka inachambua mchele, inasubiri. Wakaandaa semina ya urejeshaji kwenye hoteli mjini, tukapewa kalamu na maji ya chupa, tukagawanywa makundi tujadili neno "mwenyewe" lina maana gani. Watemi wangu watatu walialikwa wote. Bibi Tabitha hakualikwa, ikasemekana usafiri wa boti haumo kwenye bajeti. Wakauliza hewa ya chumba chetu ina unyevu kiasi gani. Nikawaambia kinavuja upande wa mashariki. Hiyo ilitukalisha miezi.

Huku Magesa ameshasimika mawe ya mpaka kwenye ufukwe. Sabina akanipigia simu analia kwamba yule mtu wa hoteli kaja na watu wanapima, wanaruka dagaa zake kama takataka. Nikampigia mtu wa mkoani, akaniambia mama kuwa mvumilivu, haya mambo ni mchakato. Tangu siku hiyo neno mchakato nikilisikia nakata simu.

Kikaja hatimaye. Kililetwa kwenye sanduku zuri kuliko samani yoyote niliyo nayo nyumbani, pamoja na mtaalamu wao, Daktari Hanna. Msimchukie, mimi sikumchukia. Mrefu, mpole, Kiswahili chake cha darasani kila ngeli iko mahali pake, akiongea na wazee wetu wanatazamana. Makubaliano yalikuwa kigoda kikae kwetu kwenye kioo kwa usalama, lakini siku ya mapokezi familia ipewe nafasi kufanya la kwao. Mahema yakafungwa. Wakuu wakahutubia. Watemi wakaja na madoadoa yao ya mapazia. Bibi Tabitha, Sabina na wazee wa ukoo wakafika kwa gari la kukodi, Magesa akiwa mbele pamoja na dereva, kavaa kofia ya pama.

Hotuba zilipoisha tukaenda uani nyuma ya ofisi, familia, mimi, na Daktari Hanna. Akakitoa kigoda kwa glavu akakiweka chini. Mzee Masatu akasafisha koo. Hapo ndipo Hanna akaniita pembeni, uso umemwiva.

"Mama, kuna jambo ambalo nilitakiwa kuliandika mapema. Hairuhusiwi mtu kukikalia. Wala kukigusa kwa mkono mtupu. Zamani vitu hivi vilipakwa sumu."

"Sumu ya nini?"

"Ya wadudu. Ili visiliwe. Haitoki kamwe. Ni hatari kwa ngozi na kwa pumzi."

 Miaka yote ya kazi nimemtafsiri kila mtu kwa kila mtu, na sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikosa. Wamekichukua kwa kutoelewa, wamekitunza kwa sumu, wamekirudisha kwa hotuba, na mtu mmoja tu duniani anayekihitaji kwa kazi yake ya kukaliwa ndiye asiyeweza kukikalia. Nikageuka nikawaambia wote kwa sauti, maana hakuna namna ya kunong'ona jambo kama hilo.

Bibi Tabitha akauliza, "Sumu ya wadudu gani?"

"Mchwa na wenzake, bibi."

"Walichelewa," akasema. 

Magesa akavua kofia, akaivaa tena. "Basi, wazee wangu, mambo ya Mungu. Kimerudi lakini hakikaliki. Ni sawa na kutorudi."

Ni Sabina aliyesogea mbele. Alikuwa amefungia ugali na samaki wa kula njiani kwenye nailoni kubwa ile wanayofunikia dagaa mvua ikija. Akamwaga chakula kwenye sinia lililokuwa karibu, akaikung'uta ile nailoni, akamwuliza Hanna moja kwa moja, "Hii inazuia hiyo sumu au haizuii?" Hanna akafikiri. Akasema ikikunjwa mara mbili, kwa muda mfupi, mkono usiguse, na nailoni baadaye ataondoka nayo yeye. Mzee Masatu akaulizwa. Akasema desturi inataka mtu aonekane amekaa kwenye kigoda, haikusema habari za nailoni.

Wakatandika. Bibi Tabitha akashikwa huku na huku. "Kaa," akasema Mzee Masatu. Akakaa.

Hakuna kilichotokea. Alikaa pale wima, kama mtu wa picha ya kitambulisho. Mzee Masatu aliinama akatazama miguu ya kigoda, akazunguka, akatazama tena. Nilimwona sura inabadilika.

"Hakijayumba," akasema. "Kigoda cha Nyanjura kinayumbaga. Wote tuliambiwa na mama zetu. Hiki kimetulia. Mimi siwezi kusema huyu amekaa kwenye kigoda cha Nyanjura."

  Bibi akaanza kuinuka mwenyewe, na mimi, Mungu anisamehe, hasira zilinipanda nikaona bora nipige magoti kwenye vumbi na nguo zangu za sherehe kuliko kumtazama usoni. Nikapiga magoti. Ndipo nikakiona. Chini ya mguu wa kushoto, angavu kabisa, unene wa kidole, kipande cha plastiki kimegandishwa kwa nta.

"Hanna, hii nini?"

"Ni kiegemeo," akasema. "Kwenye maonyesho ni lazima kisimame sawasawa."

"Kitoe."

"Siruhusiwi, mama. Kila badiliko linahitaji kibali cha maandishi." Akamwangalia Bibi Tabitha aliyekuwa amesimama kashikilia bega la binti yake. Halafu akavua glavu zake akanipa, akageuka, akafungua begi lake akaanza kutafuta kitu ambacho hakukipata mpaka nilipomaliza.

Nta ilikuwa ngumu. Nilikizungusha kikaachia. Wakatandika nailoni upya, na Mzee Masatu akasema tena, "Kaa."

Akakaa, na kigoda kikalalia kushoto. Bibi akatupa mikono hewani, akamdaka Sabina kwenye gauni, na mmoja wa wale bibi wa ukoo, mzee kuliko wote pale, akaangua kicheko cha kitoto, nasi tukacheka naye. Bibi Tabitha akainua mkono kama ameshika mwiko. Kisha akaushusha taratibu akaufunika uso wake, na mabega yakawa yanatikisika, na sote tukaacha kucheka.

"Kimeyumba," akasema Mzee Masatu. "Amekaa."

Magesa, na hili nampa haki yake, ndiye aliyesogea wa kwanza. Alikuwa ameshamwamkia asubuhi garini. Alivua kofia akaishika kifuani, akainama upya. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," akasema bibi kutoka kwenye kigoda. "Yale mawe ya ufukweni uyang'oe kesho."

Aliyang'oa. Alichukua wiki nzima, akilalamika mgongo, lakini aliyang'oa, na Sabina anaanika dagaa pale mpaka leo. Bibi Tabitha yuko hai, na majuzi kaniambia ameshamchagua atakayekalishwa baada yake, na kwamba anaagiza nailoni nyingine inunuliwe mapema.

Kigoda kikaingia kwenye kioo. Kibao chake bado kimeandikwa kiti cha enzi cha mtemi. Nimeomba kibadilishwe mpaka kalamu zile za semina zimeisha wino, na naambiwa ni mchakato. Watemi bado wanaletaga wajukuu zao kupiga nacho picha. Hayo sasa ni yenu, mimi nimenawa mikono.

Lakini kile kipande cha plastiki ninacho mimi, huku nyumbani kwangu Bweri, kimefungwa kwenye mfuko ndani ya kopo la biskuti, mahali ambapo hamtakiona hata mkija na kibali. Msiniulize tena. Na msitafute kijiti wala kadibodi ya kuweka badala yake. Mgeni akiuliza mbona kimeinama, mwambieni mchwa walikula mguu. Mkikikuta kimeinama asubuhi mkifungua, msikinyooshe.